Kijani cha Bwana Makwaya

Zamda anaishi na bibi yake, Bi Pili. Nyumba yao ni ya bati. Mchana, ndani huwa moto kama kikaango.

Lakini nje kuna miarobaini mitatu. Zamda hutandika mkeka pale na kulala. Upepo hupita. Fyuu, fyuu.

Siku moja akaja Bwana Makwaya, afisa wa mipango miji. Hakusalimia mtu. Alishika ramani na kopo la rangi nyekundu.

Akachora X kwenye mti wa kwanza. Chwaa. Wa pili. Chwaa. Wa tatu. Chwaa.

"Mjomba, miti yetu imefanya nini?" Zamda akauliza.

"Itakatwa. Hapa ni eneo la maduka. Ramani imesema."

"Na sisi tulale wapi?"

"Eneo la kijani liko ng'ambo ya barabara. Ramani imesema."

Zamda akatazama ng'ambo. Akaona saruji. Saruji, saruji, saruji. Hapakuwa na hata jani la kufukuzia nzi.

"Mwanangu, umewahi kufika pale?" Bi Pili akauliza.

"Nifike kwa nini, mama? Nina ramani."

"Hongera," akasema Bi Pili.

Kesho yake, saa saba mchana, watu wa mtaa waliitwa waikubali ramani. Mkutano ulikuwa kwenye eneo la kijani.

Bwana Makwaya alisimama pale peke yake. Watu wote walikaa chini ya miarobaini.

"Njooni huku," akaita.

"Tunakuona vizuri," akajibu Bi Pili. "Furahia kijani chako."

Jua likawaka. Saruji ikawaka. Soli za viatu vyake zikanata. Nyaa, nyaa.

Akavuka barabara mbio. Soli moja ikabaki kule.

Zamda akasimama mbele yake. "Samahani, mjomba. Hapa ni eneo la maduka. Hakuna kivuli. Ramani imesema."

Watu wakacheka, kwa kwa kwa.

"Ramani imekosea," akasema Bwana Makwaya, polepole.

"Hatujasikia," akasema Bi Pili.

"Ramani imekosea. Na mimi nimekosea. Miti haikatwi. Maduka yatajengwa kule kwenye saruji."

"Sasa kaa," akasema Bi Pili. "Tukwambie mahali pengine panapotaka miti. Wewe andika."

Bwana Makwaya akakaa chini. Akaandika alichoambiwa.

"Shuleni," akasema mmoja. Zamda akasikia.

"Sokoni," akasema mwingine. Zamda akasikia kidogo.

Wa tatu alisema wapi? Zamda hajui. Alikuwa amelala.