Namba Tano Bado Ameshikilia

Saa kumi na mbili jioni nilipitia kwa fundi wa simu kuchukua hedifoni zangu. Nilikuwa na haraka. Mchezo wa kikosi chetu ulikuwa unaanza saa moja. Fundi mwenyewe ni mmoja wetu, namba mbili, kwa hiyo nilimkuta tayari anafunga duka.

“Mkuu, nimezifungua mara mbili,” alisema. “Waya mzima, maiki nzima. Lakini kuna kitu kinagonga ndani. Ting, ting, ting. Halafu kimya.”

“Kitu gani?”

“Ningekijua ningekitoa.”

Siku tatu kwa kazi ya dakika ishirini, na jibu ndilo hilo. Niliondoka bila kuaga vizuri.

Mchezo wetu ni wa vita, wa kwenye kompyuta, kila mtu nyumbani kwake, tukizungumza kwa maiki. Si wa kufyatua ovyo. Risasi moja inatosha, na ukifa maiki yako inafungwa hadi pambano liishe, wafu hawaongei. Silaha kubwa ni utii, na kikosi changu hakina. Fundi hawezi kuona mlango bila kuufungua. Namba tatu ni nesi, anayecheza huku anakula. Namba nne ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu.

Namba tano alikuwa mke wangu.

Alikuwa mwalimu wa jiografia, na alisoma ramani vizuri kuliko sisi sote. Kanuni ya kikosi aliitunga yeye, baada ya kuchoka kutazama watu wakizurura na kufa. Kiongozi akisema “shikilia”, unabaki hapo ulipo. Unaondoka kwa amri moja tu, “rudi kwangu”, na ukiisikia unakwenda moja kwa moja hadi nyuma ya kiongozi. Hakuna amri ya tatu.

“Ukiwapa hawa amri tatu,” alisema, “watatii ya nne.”

Alipougua aliacha kucheza. Mwishoni sauti ilimkauka, akawa ananiita kwa kugonga kikombe cha bati kwa kijiko. Mara tatu. Alifariki miezi saba iliyopita. Jina lake sikulifuta kwenye orodha ya kikosi. Lilikaa chini kabisa, la kijivu, rangi ya mtu ambaye hajaingia mchezoni.

Jioni ile tulipewa daraja la kulinda.

“Mbili, shikilia ghalani.”

“Nimeshikilia.”

“Tatu, shikilia mtaroni.”

“Nimeshikilia, mkuu.” Alikuwa anatafuna.

“Nne, shikilia nyuma ya ukuta.”

“Nimeshikilia, shemeji.”

Dakika mbili hazijaisha, alama ya fundi kwenye ramani ikaanza kutambaa.

“Mbili, unakwenda wapi?”

“Nachungulia tu, mkuu.”

“Nilisema shikilia!”

“Si nime…”

Mlio mmoja wa risasi. Maiki yake ikafungwa.

“Angalau sasa atatulia,” alisema nesi.

Sikucheka. Miaka miwili namfundisha mtu mzima kusimama mahali pamoja. Nilikuwa nataka kumwambia hivyo mbele ya wote, lakini mwenye kosa alikuwa yeye peke yake, na wafu hawaruhusiwi kujibu. Nikavuta pumzi ili nipange upya nafasi zetu.

Ting. Ting. Ting.

“Nani anagonga?”

“Si mimi,” nesi alijibu. “Sahani nimeshaiweka chini.”

“Nne?”

“Mikono yangu yote iko kwenye kibodi, shemeji.”

Ting. Ting. Ting.

“Jamani, nashindwa kusikia adui! Anayegonga aache!”

Kugonga kukakoma. Kisha ikaja harufu… Mafuta ya mkaratusi. Tulikuwa tunampaka mke wangu kifuani kila jioni ili apumue. Chupa ya mwisho niliitupa mwenyewe. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Nikatazama orodha.

Jina la tano lilikuwa la kijani.

“Kikosi,” nilisema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, “hesabu.”

“Tatu.”

“Nne.”

Upepo mwembamba ukapita kwenye hedifoni, kama pumzi inayotafuta njia.

“Tano,” ilinong’ona. “Nimeshikilia.”

“Ee Mungu wangu,” alisema nesi.

“Shemeji,” alisema namba nne, polepole. “Huyo ni nani?”

“Sijui.”

“Unajua. Nimelelewa na hiyo sauti.”

“Nimeshikilia,” ikarudia. “Bado nimeshikilia.”

“Nani alimwambia ashikilie?” shemeji aliuliza.

Kwa miezi saba nilikuwa nimemwambia shemeji kwamba dada yake alikufa usingizini, mkono wake ndani ya wangu. Aliniamini. Alinishukuru mbele ya ukoo mzima. Haikuwa hivyo. Siku ile nilikuwa kwenye kiti hikihiki, nacheza mtandaoni na watu nisiowajua. Nilisikia kikombe kikigongwa nikadhani ni mmoja wao. Kisha nikatambua ni yeye. Zilikuwa zimebaki dakika nne tushinde. Niligeuza kichwa kuelekea mlangoni, nikasema kwa sauti ninayoitumia kwa kikosi: shikilia hapo.

Dakika nne zikawa arobaini. Nilipoingia chumbani, kijiko kilikuwa bado mkononi mwake.

“Mimi,” nilisema. “Aliniita. Nilikuwa nacheza. Nikamwambia ashikilie.”

Kwenye daraja maadui walikuwa wanavuka wapendavyo.

“Dada yangu,” shemeji alisema hatimaye. “Umemwacha amesimama miezi saba.” Alikuwa analia kwa hasira. “Mwachie. Sasa hivi, mwachie!”

Nilijua amri ya kumwachia. Ilikuwa moja tu.

“Tano…” Nikasogeza maiki karibu na mdomo. “Tano, rudi kwangu.”

Kwenye pembe ya ramani, nje ya mpaka, mahali ambapo mchezaji hawezi kukanyaga, alama ndogo ya bluu ikawaka. Ikaanza kusogea. Haikufuata barabara. Ilikata ukuta, ikakata mto, ikapita katikati ya maadui bila hata mmoja kufyatua risasi.

“Inakuja kwako,” shemeji alinong’ona. “Shemeji, vua hizo hedifoni. Vua!”

Alama yake na yangu zikakutana. Ikabaki moja.

Nikavua.

Ting.

Koridoni.

Ting.

Mlangoni. Kikombe kile nilikigawa pamoja na nguo zake.

Ting.

Sikugeuka.

Kesho yake fundi alinieleza kwamba sauti za zamani hubaki kwenye mitambo ya mchezo, na mara mojamoja hujirudia. Nilimwuliza ni lini mke wangu aliwahi kusema “bado nimeshikilia”, maana katika kucheza kwetu kote hatukumwacha mahali muda mrefu hivyo. Akainama kutafuta skrubu ambayo haikuwa imeanguka. Hedifoni alizijaribu tena. Hazigongi.

Nesi amejitoa kwenye kikosi. Shemeji hapokei simu zangu, na sina la kumlaumu.

Harufu haijatoka chumbani. Ni kali zaidi nyuma ya kiti changu, upande wa kushoto, pale anaposimama askari aliyerudi akingoja kuambiwa la kufanya. Kila jioni nakaa hapa, kompyuta imezimwa, natafuta cha kumwambia. “Shikilia” siwezi kuisema tena. “Rudi kwangu” ameshaitii.

Na amri ya tatu hatukuitunga.