Nguo Zilizokataa Kukauka

Hebu fumba macho kidogo, uione studio ya redio ndogo ya mtaani. Kuna meza, kipaza sauti, simu na kompyuta iliyochoka. Nyuma ya kioo amekaa fundi mitambo, dada mpole asiye na maneno mengi. Mtangazaji wa hali ya hewa, wanayemwita Mawingu, ni shemeji yake. Amemwoa dada yake mkubwa.

Mlimani, mto unakoanzia, kuna kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe. Mvua ikiingia kwenye faneli yake, kijiko kidogo ndani hujaa na kuinama: tik. Kila tik huhesabiwa na kutumwa studio, na mchana Mawingu huisoma hesabu hiyo hewani.

Asubuhi hiyo jua lilikuwa kali. Penye nafasi ya mvua, kompyuta ilionyesha kistari kitupu.

"Shemeji, kituo kimenyamaza," fundi alisema. "Pengine majani yameziba. Twende tukakiangalie."

"Nipande mlima na jua hili? Dada yako atabaki mjane." Mawingu akafuta kistari, akaandika sifuri.

Simu ikalia. Alikuwa mama dobi, aliyefua nguo za watu kando ya mto. Hakuwa na subira ya kungoja taarifa ya mchana.

"Mawingu mwanangu, leo nifue au nikae?"

"Fua, mama. Mvua sifuri, hata huko mlimani."

"Haya. Ukiniloweshea nguo za watu, nitakuja kuanika kwako."

Wakacheka wote, fundi naye nyuma ya kioo.

Kabla ya taarifa kusomwa, mto ulishuka na mafuriko ya mvua ya mlimani, huku bondeni jua likiwaka vilevile. Mama dobi hakuonekana tena. Ilibaki kamba yake ya kuanikia, imekazwa mti hadi mti, haina nguo hata moja.

Binti yake alikuja studio kuuliza mama aliambiwa nini.

"Nilimwonya," Mawingu alisema bila kupepesa macho. "Alishupaa tu."

Binti akaondoka akilia kwa uchungu na hasira, akimlaumu mama yake.

"Mrudie umwambie ukweli," fundi alinong'ona.

"Nikifukuzwa, watoto wa dada yako watakula hicho kioo chako?"

Siku chache baadaye dada yake fundi alipiga simu. Nguo zote za mumewe zilikuwa zimelowa, kabatini humo humo. Alizianika juani kutwa nzima. Hazikukauka. Zilinuka tope la mto.

Fundi alipanda mlimani peke yake, akazoa majani yaliyoziba faneli. Chini ya majani palikuwa na kibanio cha nguo, cha mbao. Kilikuwa bado kinachuruzika maji.

Mchana uliofuata, mbingu nyeupe bila wingu, Mawingu akaanza kusoma taarifa. Fundi akasikia kitu ndani ya vipokea sauti vyake.

Tik.

Simu ya studio ikajipokea yenyewe.

"Mawingu mwanangu." Sauti ilikuwa ya upole. "Nimemaliza kufua. Zimebaki ulizovaa."

Tik. Tik.

"Shemeji, uko hewani," fundi alinong'ona. "Sema ukweli. Sasa hivi."

Mawingu alimtazama kupitia kioo.

"Nilimwonya," alisema.

Kioo kikatanda ukungu. Kwa ndani. Kiganja kikaufuta polepole. Hakikuwa cha Mawingu.

Fundi akausukuma mlango. Sakafu kavu. Kiti kitupu. Juu ya waya wa kipaza sauti vilining'inia shati na suruali, vimekamuliwa vizuri, vimebanwa kwa vibanio vya mbao.

Fundi akakaa kwenye kiti kile, akasema yote hewani. Huko bondeni binti wa dobi aliacha kazi yake, akasikiliza hadi mwisho. Jioni ile nguo za kabatini zikakauka.

Lile shati bado. Mpaka leo liko kwenye waya, hakuna anayethubutu kulianua. Linadondosha tone moja moja. Na kila linapodondosha, kituo cha mlimani, chini ya jua kali, kinahesabu mvua.

Nawe, mwanangu, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: chombo kikinyamaza, usikisemee.