Ulimwita Nani Kule Ndani

Chai ilipoa kabla haijafika mezani. Mama aliitoa jikoni ikifuka mvuke, akatembea hatua saba, akaiweka mbele ya binti yake, na tayari ilikuwa na utando juu kama chai ya jana. Alikigusa kikombe. Baridi. Alidhani ni uchovu, maana mtu aliyechoka hukosea mengi, akairudisha jikoni, akaichemsha, akaileta tena. Ikapoa tena.

"Kunywa hivyo hivyo, utachelewa shule."

"Sitaki, mama."

Akanyamaza hapo, na huko kunyamaza ndiko kulikomshtua mama. Mtoto huyu wa miaka saba aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Siku ya kawaida angetaka kujua chai imepoa kwa nini, imepozwa na nani, na je, ng'ombe akinywa maji baridi maziwa yake hutoka baridi? Sasa alikaa akitetemeka, mikono ameibana katikati ya mapaja, na jua la asubuhi lilikuwa limeshaanza kuchoma bati.

Mama akamgusa shavu. Aliujua ubaridi ule. Aliushika kila siku kazini.

Alifanya kazi kwenye ghala la nyama, katika chumba cha baridi. Pale mlangoni palikuwa na kanuni moja. Kila mfanyakazi alikuwa na kibati chenye namba: ukiingia unakitundika ubaoni, ukitoka unakichukua. Jioni mlinzi wa mlango, mzee waliyempa jina la Komeo, aliutazama ubao. Ukiwa mtupu alifunga akaenda zake. Haiti, hachungulii. "Binadamu atakudanganya," alikuwa akisema, "ubao haudanganyi."

Siku tisa kabla ya chai ile kupoa, mama alikuwa ameshachukua kibati chake, namba kumi na tisa, kimo mfukoni, alipokumbuka kwamba ameacha glavu ndani, juu ya kreti za nyuma. Kutundika kibati tena kwa ajili ya nusu dakika aliona ni kujisumbua. Akaingia hivyo hivyo. Alikuwa ameinama nyuma ya rafu aliposikia mlango ukijibamiza na chuma kikianguka mahali pake.

Alipiga kelele hadi koo likakauka. Mlango ulikuwa mnene kama godoro. Kengele ya ndani ilikufa mwaka juzi. Kila mtu alijua, na kila mtu alisema itatengenezwa.

Mwanzoni baridi iliuma, na hilo alilitegemea. Aliruka, alijipiga mikono, alitukana ukoo mzima wa Komeo. Akawaza maharage aliyoyaacha yameloweka, kwamba yatachacha. Hayo ndiyo mtu huwaza, wala si mambo makubwa. Kisha vidole vikaacha kuwa vyake. Kisha akatetemeka mpaka meno yakamtia maumivu ya kichwa, na ghafla kutetemeka kukakoma, na hapo ndipo palipokuwa pabaya kuliko kote, kwa sababu alisikia joto, joto tamu la kitanda ulichoamshwa mapema ukapata nafasi ya kukirudia, na akaanza kufungua vifungo vya koti kwa vidole asivyovihisi, huku uchovu wa miaka yote, wa kufua na kubeba na kuamka kabla ya jogoo, ukimtoka kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kufa kuna utamu. Angeambiwa, angejihadhari.

Mtu alikuwa nyuma yake. Alimsikia akivuta pumzi ndani ya mngurumo wa mashine, pumzi ndefu isiyotoka. Harufu ya chuma na barafu kuukuu ilimjaa puani. Kitu kikamfunika mabegani taratibu, kama afunikwavyo mtoto, na sauti ikanong'ona sikioni:

"Humwiti mtu?"

Akaita. Kwa nguvu zake za mwisho aliita, "Chiriku! Chiriku wangu!"

"Vema," ilisema sauti, na mfuniko ukamtoka mabegani.

Mlango ukafunguliwa. Komeo alikuwa amesahau miwani yake kwenye kiti, na alipoirudia akasikia, kwa mbali sana, mwanamke akiita mtoto. Alimburuta nje huku akilia. "Ubao ulikuwa mtupu, binti yangu! Ubao ulikuwa mtupu!"

Mama alipumzika siku mbili, akarudi kazini. Hakumsimulia mtu yaliyompata mle ndani. Angeanzia wapi? Kwamba alikaribia kufa akapenda?

Sasa alimbeba Chiriku mgongoni hadi zahanati. Daktari aliweka kipimajoto kwapani, akakitazama, akakitikisa, akajaribu kwapa la pili. Mwishowe akajipima mwenyewe.

"Kimeharibika hiki," alisema bila kumtazama mama usoni. "Mfunike vizuri. Ale."

Alimfunika. Blanketi mbili, kesho yake nne, na jirani akaleta nyingine tatu. Chiriku akazidi kutetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Mama aliacha kwenda kazini. Akimpa uji wa moto, uliganda kijikoni. Na mchana wa siku ya pili, wakati nyumba nzima imetulia na watu wa nje wanatafuta kivuli, alisikia chini ya kitanda mngurumo mdogo usiokatika, mngurumo anaoufahamu kama sauti ya mama yake mzazi, akapiga magoti akachungulia, akaona sakafu tupu na kandambili za mtoto, na juu ya kandambili hizo ukungu mweupe, mwembamba, wa barafu. Nyumba ile haikuwa na jokofu. Haikuwahi kuwa nalo.

"Mama," Chiriku alinong'ona juu yake. "Kuna mtu ananifunika."

"Ni mimi, mwanangu. Ni mablanketi."

"Si wewe. Ana mikono mirefu." Akameza mate. "Anasema wewe ndiye umemtuma."

Mama hakulia. Alimwachia jirani mtoto, akaenda ghalani karibu mbio, akamtafuta Mama Sweta.

Huyu alikuwa mwanamke wa makamo aliyebandika lebo kwenye kreti, nje, juani, ndani ya sweta la kijani lenye viraka kwenye viwiko vyote viwili. Hakulivua hata mwezi wa joto kali. "Mama Sweta, utaiva!" wenzake walimtania kila siku, naye alijibu kila siku, "Nikiiva mtanila." Watu walijua kwamba zamani naye alifanya kazi ndani, na kwamba tangu alipotoka hakukanyaga tena kizingiti kile.

Alipomwona mama, aliweka lebo chini.

"Nilikuwa nakungoja," alisema polepole. "Ulimwita nani kule ndani?"

"Nani kakwambia nilimwita mtu?"

"Kila mtu huita, dada yangu. Pale pana mwenyewe. Hakuja na nyama wala hatujui amekuja na nini. Anakufunika, anakuuliza, nawe unaita. Ulimwita nani?"

"Mwanangu."

Mama Sweta alifumba macho. "Mimi nilimwita mdogo wangu. Tumelala kitanda kimoja tangu utotoni, ningemwita nani mwingine? Nikatoka mzima. Akatetemeka yeye. Siku ya kumi na moja tangu nilipomwita akaacha kutetemeka, akajifunua mwenyewe, akasema anasikia joto. Tukashangilia! Nikamkaangia mayai." Alivuta mikono ya sweta hadi ikamfunika vidole. "Hata hakuyala."

"Niambie la kufanya."

"Anafuata jina alilopewa. Mtu mmoja aliniambia, baadaye, lilipokuwa halina faida tena, kwamba aliyeita anaweza kurudi. Unaingia, unangoja mpaka mwisho kabisa, pale penye utamu. Akikuuliza, usimwite mtu. Taja jina lako wewe."

"Halafu?"

"Sijui. Sikurudi."

"Siku zote kumi na moja, hukurudi?"

"Nilikwambia aliniambia baadaye." Kisha Mama Sweta akatikisa kichwa, kama aliyechoka kubeba uongo mmoja. "Aliniambia siku ya sita. Niliogopa. Si kufa, dada. Niliogopa ule utamu, kwamba nikiuonja tena sitaki kutoka. Sweta hili ni la mdogo wangu."

Simu ya mama ikalia. Ilikuwa sauti ya jirani, juu, imejaa furaha.

"Mwanao amepona! Nakwambia ameacha kutetemeka! Amesukuma blanketi zote mwenyewe, anasema anasikia joto!"

 Mama aliangusha simu ndani ya kreti, akakimbilia mlango wa chumba cha baridi.

"Leo huna zamu," alisema Komeo.

"Funga nyuma yangu, mzee."

"Nifunge? Una kichaa? Mara ya kwanza nimekonda kilo tano!"

"Funga!" Mama alikuwa ameshavua koti zito, ameshavua viatu. Hakuwa na saa za kungoja baridi ifanye kazi yake, kwa hiyo alichukua ndoo ya kusafishia sakafu akajimwagia maji yote, kichwani mpaka miguuni. Kisha, maana mtu aliyeungua hujifunza, alitoa kibati namba kumi na tisa akakitundika ubaoni.

"Weka sikio kwenye bawaba," Mama Sweta alimwambia Komeo. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti. "Akimwita mtoto, usifungue. Ukisikia jina usilolijua, hilo ndilo. Fungua."

"Sote hapa tunamjua kwa namba yake tu, Kumi na Tisa."

"Basi hutakosea."

Chuma kikaanguka.

Safari hii hakuruka wala kujipiga mikono. Alikaa juu ya sakafu, nguo zikamgandia mwilini kama ubao, akaiacha baridi imle. Maumivu yalikuja yakapita. Kutetemeka kulikuja, kukamtupa huku na huku, kukamwacha. Na pale pale, kama mgeni aliyekuwa akingoja nje apishwe, joto likaingia, na mgongoni pake pumzi ikavutwa, ndefu, na mfuniko ukatua mabegani.

"Humwiti mtu?"

Akafunga mdomo. Sauti ikangoja, halafu ikabadilika, ikawa nyembamba, ikawa ile aliyoikosa nyumbani kwake siku zote hizo: mama, kwa nini huniiti, mama, kwani umenisahau, mama, mtu akifa si humwita mwanawe, sasa wewe unamwita nani, mama, huku kuna giza, nani atanifunga kamba za viatu, mama, ukiniita mara moja tu nitakuja nikulalie hapa mkononi tulale wote, maswali juu ya maswali, kwa ulimi wa Chiriku na kigugumizi chake kidogo kwenye herufi ya kwanza, na kila kiungo cha mwili wake kilitaka kumwitikia, kifua kilimpanda chenyewe, jina lilishafika kwenye meno, akauma mkono wake mpaka akasikia damu, nayo ilikuwa kitu pekee chenye moto wa kweli mle ndani.

"Mtoto wangu hayupo hapa," alisema na mkono ungali mdomoni. Akautoa. "Nipo mimi."

Na akataja jina lake, lile alilopewa na mama yake, ambalo tangu huyo mama azikwe hakuna aliyemwita nalo.

 Mashine ilinyamaza.

"Vema," ilisema sauti.

Mfuniko haukumtoka mabegani.

Walimkuta macho wazi. Mama Sweta, aliyekuwa amekimbia ndani mwenyewe kabla Komeo hajamaliza kufungua, alilivua sweta la kijani mbele ya watu wote, akamvisha mama, akafunga vifungo kimoja kimoja.  Mikono yake mitupu ilikuwa laini, haijaguswa na jua, kama ya mtoto mchanga.

Nyumbani kelele zilisikika hadi barabarani.

"Nani kaniletea blanketi saba? Mlitaka niive? Mama, mbona umevaa sweta, na jua hili? Mbona mkono wako una meno? Umepigana? Umeshinda?"

Shavu lake lilikuwa na jasho. Mama aliligusa, akaligusa tena, kisha akaingia jikoni kupika chai, maana mtoto alikuwa hajala siku mbili na chai haijipiki. Akammiminia. Mvuke ulipanda kutoka kwenye kikombe ukaendelea kupanda, na Chiriku akapuliza, akaungua ulimi, akalalamika.

Mama alijimiminia chake. Kabla hajaketi kilikuwa kimefanya utando.

"Mama, chai yako imepoa."

"Ulishamwona mama gani anakunywa chai ya moto? Kunywa yako."

Chiriku alicheka. Mama akakiinua kikombe, akanywa, na nyuma ya kiti chake kitu kikavuta pumzi ndefu, kikamwekea vizuri mfuniko mabegani, juu ya sweta, bila haraka yoyote.