Mguu Uliokuwa Likizo

Mume wangu ni dobi. Watu wanamwita Bwana Mistari, kwa sababu akipiga pasi suruali, mstari unanyooka kama umechorwa kwa rula. Mimi nafua, yeye anapiga pasi. Ndivyo tulivyogawana kazi tangu tuoane. Chumba chetu cha kazi ni kidogo. Kina meza ndefu, pasi mbili za mkaa, waya wa kutundikia nguo na redio inayokoroma.

Mwaka jana bega lake la kulia lilianza kuuma. Mwanzoni alinyamaza. Wanaume bwana! Nilijua siku nilipomwona anavaa shati huku amekunja uso.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Hamna kitu. Bega tu."

"Bega tu" likakaa miezi mitatu. Mama mkwe akaja na mafuta yake ya moto. Alilichua bega la mwanawe kwa nguvu zote.

"Mama, taratibu!" mume wangu akapiga kelele. "Unanichua au unakanda unga?"

"Tulia. Nilikuzaa mimi," mama mkwe akajibu, akaongeza nguvu.

Bega likipoa leo, kesho linauma tena. Akaanza kununua vidonge vya kutuliza maumivu dukani. Alivila kila siku, asubuhi na jioni, bila kumuuliza mtu. Tumbo likaanza kumchoma. Mimi nami sikubaki nyuma. Nilimfunga mkono kwa kitambaa, nikampiga marufuku kuutumia. Wiki tatu nzima! Kazi ya pasi nikaifanya mimi, na mistari yangu ilikwenda upande kama barabara ya milimani. Nilijiona daktari. Nilipomfungua, mkono haukupanda hata kufika kifuani.

Alijaribu kushika pasi siku ile ile. Nikiwa uani nikasikia ananiita.

"Mama watoto! Njoo haraka!"

Nikakimbia. Pasi ilikuwa juu ya shati jeupe la mteja na moshi unafuka. Yeye amesimama hapo, ameshika bega, hawezi kuiinua. Niliinyakua pasi, lakini shati lilikuwa limeshaungua.

Aliketi chini. Baadaye akasema polepole, "Mke wangu, mimi basi tena. Mwisho wa mwezi tufunge. Pasi zitafutie mtu wa kununua."

Niliumia sana. Huyu mtu hana kazi nyingine anayoijua, wala hana nyingine anayoipenda. Nilikwenda uani nikalia, kisha nikanawa uso, nikarudi kufua.

Kesho yake nilipeleka viatu vyake kwa fundi viatu, jirani yetu wa mlango wa tatu. Alivigeuza, akaangalia soli, akanitazama.

"Shemeji, mume wako ana miguu mingapi?"

"Fundi, leo sina hali ya utani."

"Sitanii. Ona. Kisigino cha kushoto kimekwisha kabisa. Cha kulia ni kama kipya. Huyu mtu anatembelea mguu mmoja."

"Anaumwa bega, si mguu!"

"Mpeleke pale hospitali, kwa yule dada wa mazoezi ya viungo. Mimi kiuno changu kilikuwa kimenishinda. Yeye ndiye aliyenisimamisha."

"Shona viatu, fundi. Udaktari waachie wenyewe," nikamjibu. Nilimjibu vibaya, Mungu anisamehe. Lakini njia nzima nilikuwa nawaza kile kisigino. Jumatatu tukaenda.

Yule mtaalamu alikuwa dada mdogo wa umri, mpole wa sauti. Chumba chake kilikuwa na kitanda kipana na kioo kirefu ukutani. Hakukimbilia kugusa bega. Aliuliza kwanza.

"Bega linauma tangu lini? Kifua kinabana? Unapata homa? Umepungua uzito? Vidole vinakufa ganzi?"

Mume wangu akajibu hapana, hapana, hapana.

"Nauliza kwa sababu maumivu ya bega wakati mwingine hutoka kwenye moyo, au kwenye ugonjwa mwingine mkubwa. Mwenye dalili hizo anakwenda kwa daktari haraka, haji kwangu kwanza. Haya, kaka, vua viatu."

Mdomo wangu hauna breki. "Dada," nikaingilia, "bega lake halivai viatu."

Akacheka mpaka akashika meza. "Kweli, mama. Lakini mimi natibu mtu mzima."

"Mimi ni mtu mzima siku nyingi," mume wangu akasema, kama amechokozwa. "Nina watoto wanne."

"Hiyo naiona, kaka. Nasema mzima, yaani wote. Kuanzia kichwani mpaka kwenye nyayo. Bega halikuja hapa peke yake."

Akaweka kifuko cha mchanga mezani. "Fanya hiki ni pasi. Piga pasi kama unavyofanya kila siku."

Mume wangu akaanza. Yule dada hakuangalia mkono hata kidogo. Alichuchumaa, akaangalia miguu. Nami nikainama nikaangalia. Kisigino cha kulia kilikuwa kinaelea. Uzito wote uko kushoto! Kila siku nafua hatua chache kutoka alipo, sijawahi kuona.

"Mguu huu uliumia lini?"

"Haujaumia," mume wangu akasema.

"Wewe!" nikasema. "Na siku ile uliyoanguka kutoka kwenye kigoda ukitundika nguo, kabla ya bega kuanza?"

"Aa, ule? Niliteguka tu. Ulishapona."

"Maumivu ndiyo yaliyopona," dada akasema. "Mguu wenyewe haukurudi kazini. Uko likizo mpaka leo."

Akashika kifundo cha mguu, akakikunja. Kilikuwa kigumu. Kisha akatueleza. Kupiga pasi kunaanzia chini. Mguu unasukuma sakafu, nyonga inasogea, mgongo unafuata, halafu bega na mkono vinamalizia. Mguu wa mume wangu ulibaki na woga baada ya kuteguka. Kwa hiyo nyonga ilisimama tu, na bega likafanya zamu ya wote. Pasi nzito, kutwa nzima, miezi na miezi.

"Bega likalalamika," dada akasema. "Nanyi mkawa mnamchua mlalamikaji."

"Kwa hiyo bega halina ugonjwa?" nikauliza.

"Linao sasa, mama. Limekaza sana. Liliwahi kufungwa?"

Nikaangalia dirishani. "Nilifunga mimi," nikasema. "Wiki tatu."

"Wengi hufanya hivyo kwa mapenzi. Kupumzisha siku mbili tatu si vibaya. Lakini kiungo kisiposogea muda mrefu kinakakamaa."

Hakunigombeza. Mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Kisha akamgeukia mume wangu. "Unalalaje, kaka? Unaogopa nini?"

Mume wangu akasema, "Naogopa kuacha kazi. Nikiacha pasi, sijui mimi ni nani."

Nikamshika mkono, ule mzima.

"Ahsante kwa kuniambia," dada akasema. "Mwenye hofu hukaza misuli na hukosa usingizi, na maumivu yanapanda. Hilo nalo tutalitibu. Sitakuahidi muujiza. Lakini nakuona unaweza kurudi."

Aliposikia habari za tumbo na vile vidonge, siku ile ile alitutuma kwa daktari. Akatupa pia mazoezi. Mume wangu asimame kwa mguu wa kulia, ameshika ukuta, wakati anapiga mswaki. Apande na kushuka kwa vidole vya miguu. Vidole vya mkono vitambae ukutani kwenda juu, mpaka pale anapoweza, bila kulazimisha. Meza yetu ilikuwa juu mno, ikimpandisha bega, basi tukaikata miguu mpaka ikawa usawa wa nyonga zake. Na kila nusu saa aweke pasi chini, atembee kidogo, anywe maji.

"Na jirani mwenye bega bovu msimpe mazoezi haya," dada akatuonya. "Maumivu yake huenda yanatoka shingoni, au kwenye jambo jingine kabisa. Aje apimwe."

Tulianza. Mama mkwe alinuna kwanza, mafuta yake yamestaafishwa. Nikampa kazi ya kumhesabia mwanawe mazoezi. Lo! Akifika saba anarukia kumi, anamwonea huruma.

"Mama, nane iko wapi?" nikamuuliza.

"Imepita, hukuiona," akasema.

Wiki ya tatu bega likauma tena, na mume wangu akataka kuacha. "Hili jambo la kusimama kama korongo litanisaidia nini?" akafoka. Nikamrudisha kwa dada. Akapunguza zoezi moja, akabadilisha jingine, akasema maumivu kupanda na kushuka kidogo ni kawaida. Tukaendelea. Nilikuwa naweka alama ukutani kwa penseli, pale vidole vinapofika. Wiki ya tano alama ilipita kichwa chake. Wiki ya nane alitundika shati kwenye waya mwenyewe, bila kuniita. Mama mkwe akapiga vigelegele, majirani wakadhani kuna mtoto kazaliwa.

Nilikwenda kwa fundi viatu nikamwomba radhi. "Fundi, nilikudharau, na wewe ndiye uliyeona."

"Niletee viatu vingine, shemeji," akasema. "Sasa vitachakaa vyote viwili, nitapata kazi."

Juzi yule dada alipita kwetu ana haraka, koti lake jeupe la kazi mkononi, limekunjamana lote. Alikuwa na mkutano saa ile ile. Nikanyoosha mkono kulipokea, kwa mazoea ya siku zile za ugonjwa. Mume wangu akanitangulia. Akalitandaza mezani, akasimama kwa miguu yote miwili, akainua pasi. Mgongo ukaenda, nyonga ikaenda, mkono ukafuata. Mikono ya koti, kola, mgongo, mpaka mwisho, hakupumzika hata mara moja. Nilitaka kumwambia yule dada maneno mengi, mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema. Nikaweza moja tu: "Ahsante, mwanangu."

Mume wangu akamshikia koti mabegani, dada akaingiza mikono, akatoka nalo likiwa bado lina joto.