Betri Iliyoanikwa Juani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kwandu alipima betri ya simu ya upepo pale zahanati ya kijiji. Hiyo ndiyo redio ambayo shangazi yake, Nesi Wilhelmina, aliitumia kuita gari la wagonjwa kutoka Bariadi. Betri zilikuwa mbili, kubwa kama za lori: moja kwenye simu, nyingine ikichajiwa kwa sola. Mita ikionyesha chini ya volti kumi na mbili, zinabadilishwa.

"Mwangaluka, shangazi," aliamkia kwa Kisukuma. "Leo ni kumi na mbili na nusu."

"Haya, mwanangu. Kimbia shule."

Kabla ya mapumziko aliitwa kutoka darasani, akimbilie zahanati. Dada yake Esteria alikuwa amejifungua pale, na damu haikatiki! Tangu biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, malori ya wanunuzi yalipita kijijini na yangeweza kumbeba mgonjwa, lakini msimu wa ununuzi ulikuwa bado. Tegemeo lilikuwa simu tu.

Shangazi akabonyeza kitufe aseme. Taa ya simu ikazimika. Akajaribu tena, ikazimika tena.

"Betri ni nzima, mita imesema! Itakuwa waya wa antena," alisema. Mayala, mlinzi, akapanda juu ya bati kukagua waya.

Kwandu aliitazama mita. Siku chache nyuma aliisahau mita ikiwa imewashwa usiku kucha, na betri yake ndogo ya ndani ikaisha. Kwa kuogopa kugombezwa, aliianika juani, kama kila nyumba ilivyofanya na betri za redio na kurunzi, kisha akairudisha. Namba zikaonekana tena, naye akanyamaza. Na jamani, tangu siku hiyo mita haikuwahi kuonyesha chini ya kumi na mbili!

Aseme? Shangazi atamchapa. Chumba cha pili, Esteria aliguna kwa sauti ndogo mno.

"Shangazi, nisamehe! Mita inadanganya. Betri yake iliisha, nikaianika juani!"

Wilhelmina alimkodolea macho, kisha akachukua betri mpya ya kurunzi. "Hii ni volti moja na nusu. Pima!"

Mita ikaonyesha karibu mbili.

"Mungu wangu! Inazidisha; betri ya simu ndiyo iliyoisha. Mayala, shuka! Lete betri ya kwenye sola!"

Walipoiunganisha, shangazi akabonyeza. Taa haikuzimika.

"Bariadi, Bariadi, mnanipata?"

Kwandu akafumba macho. Kisha sauti ikakoroma: "Tunakupata, zahanati. Sema."

Gari lilimkuta Esteria bado anapumua. Jioni Bariadi wakaita: ameongezewa damu, amefumbua macho, na mtoto ananyonya. Kwandu aliangua kilio.

Shangazi akamvuta karibu. "Kusahau mita ni kosa dogo. Ningekugombeza, yakaisha. Kunyamaza ndiko kulikotaka kumuua dada yako. Kitu kikiharibika mkononi mwako, niambie hapo hapo, hata kama unatetemeka. Na mimi nitapunguza ukali, usije ukaniogopa mimi kuliko msiba. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Kesho yake, kabla ya kugusa betri kubwa, Kwandu alianza kwa kupima ile ya kurunzi.