Jaketi la Darla

Ndugu zangu mnaopenda kushinda mtoni siku za Jumamosi, nipeni sikio kidogo. Mimi ni dereva wa basi katika hifadhi ya jimbo letu, hapa milima ya Ozark. Nawapeleka watu juu ya mto na maboya yao ya mpira, waelee wenyewe, kisha nawangoja chini. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, na nimechoka.

Jumamosi moja ya Julai palikuwa patulivu, moshi wa nyama choma ukipanda kambini na watoto wakirusha mawe majini. Familia ya Haskett ikapanda basi langu: Verlin, fundi wa mapaa, mkewe Darla, na binti yao Tessa wa miaka sita, jaketi la kuelea limemkaa barabara. Kasha la bia ndilo lililokuwa limevalishwa jaketi la Darla, mikanda imekazwa kabisa. Kwetu ndiyo desturi. Kasha lina boya lake na jaketi lake, maana likizama watu wanaona siku imeharibika.

Nikamuuliza Verlin mkewe atavaa nini.

"Darla anaogelea kama bata, mzee. Bia ndiyo haijui kuogelea."

Basi zima likacheka. Darla alicheka pia, ila kidogo. Nami, nisiwafiche, nilicheka, nikatia gia.

Mto ulikuwa na nguvu kwa mvua ya Alhamisi. Kwenye kona ya pili, kama walivyonisimulia waliokuwepo, boya la Tessa lilinasa kwenye mti ulioanguka, likapinduka. Verlin alikuwa ameshakunywa bia nane. Alimwona mtoto, lakini miguu haikumtii. Darla akajitosa. Alimnasua binti yake, akamsukuma kwenye mkondo, na jaketi likambeba mtoto mpaka kwa watu waliokuwa ufukweni. Darla mwenyewe nguvu zilimwishia hapo. Maji yakamchukua hadi kwenye kina, akazama. Askari wa hifadhi walimtoa saa kumi jioni.

Nilimkuta Verlin amekaa kwenye changarawe, kasha liko pembeni yake, bado limevaa jaketi.

"Lilikuwa hapa hapa, mzee," aliniambia. "Ningenyoosha mkono tu."

Nikamfunika Tessa koti langu, nikawarudisha.

FUNZO

Jaketi ni la mtu. Pombe ikizama, iacheni izame. Na kama unakunywa, usijiite mlinzi wa mtoto majini. Nawe unayeona upuuzi ukacheka ili usionekane mkorofi, kama mimi, una sehemu yako katika msiba huo.

Verlin hajaonja bia tangu siku ile, mwaka wa pili sasa. Ni jambo jema, na nampongeza. Lakini asubuhi Tessa hujisuka nywele mwenyewe kabla ya shule, na zinakwenda upande.