Feni ya Jalila

Mchana ule mtaani Mjambere palikuwa pametulia, kama panavyotulia watu wakishaswali Adhuhuri na kula. Ghanim alikuwa sebuleni, laptopu mezani, panka la juu likizunguka kivivu. Binti yake wa miaka minne, Lamis, amelala mkekani. Mkewe Alawiya yuko jikoni akikanda unga wa mahamri.

Laptopu ile ilikuwa ya Jalila, dadake Alawiya, aliyefariki kwa pumu mwezi wa Shaaban. Arubaini ilipopita, Alawiya alimkabidhi mumewe. "Itumie, Baba Lamis. Ikikaa tu itaharibika." Ghanim, ambaye riziki yake ni kuunda programu, aliifuta yote akaiwekea Linux, mfumo ulio wazi, ambao mtu yeyote aweza kuusoma na kuurekebisha. Kila kitu kilikubali, isipokuwa taa za kibodi na feni ya ndani. Mfumo haukuvitambua kabisa.

Siku hiyo alikuwa amepata draiva, programu ndogo iliyoandikwa na watu wa kujitolea ili mfumo uweze kuviamrisha vifaa hivyo. Akaipakua, akaisoma juujuu, akaiwasha. Taa za kibodi zikawaka. Ghanim akatabasamu peke yake.

Kisha feni ikaanza.

Haikuvuma kama feni. Ilipanda kwa taabu, ikakwaruza, ikasita, halafu ikashuka kwa mluzi mwembamba. Taa zikapanda na kushuka nayo. Ikapanda tena.

Alawiya alitokea mlangoni, mikono imejaa unga.

"Nani apumuaye hivyo?"

"Ni feni. Vumbi tu."

 Mluzi ule Alawiya alikuwa ameusikia utoto wake wote, chumba kimoja, kitanda kimoja na dadake.

"Izime," alinong'ona.

Ghanim akafungua draiva, akaitoa feni katika mwendo wake wenyewe, akaiweka chini ya amri yake. Akaandika sifuri. Feni ikanyamaza.

Nyumba ikatulia. Ikatulia kupita kiasi.

Alawiya ndiye aliyegeuka kwanza. Lamis alikuwa kinywa wazi, kifua hakiendi, midomo inageuka rangi ya zambarau.

"Lamis! Mwanangu!" Alimnyakua, akampiga mgongoni. Kichwa cha mtoto kilining'inia tu. Vidole vya Ghanim vilikwenda kwenye kibodi kabla akili yake haijajua sababu. Akaipandisha namba.

Feni ikavuta. Mtoto akavuta.

Ghanim ni mtu wa hesabu. Alijiambia yamesadifiana tu. Basi akafanya jambo ambalo mpaka leo hawezi kumtazama mkewe akilikumbuka: aliteremsha namba tena. Kidogo tu, ajue.

Feni ikapungua. Kifua cha Lamis kikapungua nayo.

"Wafanyani, Baba Lamis?"

Akapandisha upesi.  Wakamwita mtoto, wakamrushia maji usoni. Alikuwa hai, lakini haamki.

"Tumpeleke hospitali," Alawiya alisema.

Hapo stima ikapotea. Panka likazunguka polepole, likasimama.

Betri ya laptopu ile ilikuwa imechoka. Ghanim aliijua. Wasingefika hata barabara ya Malindi kabla haijazimika. Alipekua msimbo wa draiva, mstari baada ya mstari, macho yakiruka. Skrini ikafifia kuonya.

Alawiya alikaa sakafuni, mtoto mapajani, akaisogelea mashine kama mtu anayesogelea sikio la mgonjwa.

"Jalila. Dada'angu. Ni mwanangu huyu."

Feni ikasita. Taa zikasita.

Ikavuta tena, kwa shida zaidi.

"Si yeye, Baba Lamis," Alawiya alinong'ona, macho hayabanduki kwenye taa. "Ni wewe. Umemshika dada'angu. Mwachie apumue mwenyewe."

Ghanim alielewa. Kila kitu kilikuwa kimeanza pale alipoitwaa feni mkononi mwake. Kulikuwa na namba ya kuirudishia mwendo wake. Lakini akiirudisha, nayo isizunguke? Akaiandika namba. Lamis akakoroma. Skrini ikazidi kufifia.

"Bismillahi."

Akabonyeza.

Feni ikavuta pumzi moja. Ndefu. Safi. Bila mluzi. Ikaitoa taratibu, na skrini ikazimika.

Hakuna aliyethubutu kusogea.

"Lamis," Alawiya aliita.

Kimya.

"Lamis!"

"Abee, mama." Mtoto alifumbua macho. Akataka maji.

Keshoye Ghanim aliipeleka laptopu Changamwe kwa Nicanor, fundi aliyemzoea. Hakumweleza lolote, alitaka tu ifunguliwe. Nicanor alichomoa betri kwanza, akaiweka kando, kisha akalegeza skrubu na kukibandua kifuniko.

"Hii mashine ilimwagikiwa na maji?"

"La."

Upande wa ndani wa kifuniko, palikuwa na ukungu mdogo wa mviringo, kama kioo kilichopuliziwa mdomo. Nicanor akaufuta kwa kitambaa. Pakakauka.

Wakatazama.

Ukungu ukarudi. Ukafifia. Ukarudi.

Nicanor aliweka bisibisi chini. "Boss," alisema kwa sauti ya chini, "funga mashine yako uende nayo."

Kifuniko kilikuwa bado mkononi mwake. Kilikuwa na joto.